Ngoja Mbele ya Kipaza Sauti

Kazini walimwita Ngoja, nyumbani pia walimwita Ngoja, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu, limekunjwa huko kama suti isiyovaliwa. La Ngoja alilipata shuleni. Mwalimu akimuuliza swali, alisimama, akafungua mdomo, na neno la kwanza lililotoka bila taabu lilikuwa hilohilo: "Ngoja." Basi darasa zima likangoja. Jibu lilikuwa mle ndani, zima, limepangwa vizuri, ila mlango wa kutokea ulikuwa mwembamba. Mara nyingi mwalimu alichoka kabla jibu halijatoka, akamwambia akae.

Alikuwa na kigugumizi tangu aanze kusema. Herufi nyingine alizivuka kama mtu anavyoruka mtaro, lakini m kwake ilikuwa mto uliojaa. Na Kiswahili, anayekizungumza anajua, huwezi kwenda hatua mbili hujakanyaga m. Mtu, mke, mtoto, mkate, mlango, mambo, mapenzi, yote yameanzia hapo. Hata heshima ina m: mzee, mkuu, mheshimiwa. Kwa hiyo Ngoja alijifunza mapema kuzunguka. Hakusema mkate, alisema kile cha kunywea chai. Hakusema mama, alisema aliyenizaa, na mama yake, ambaye mzaha ulikuwa kwenye damu, alimjibu kutoka jikoni, "Aliyekuzaa yupo. Aliyezaliwa ana shida gani?"

Mtu wa namna hiyo ungetegemea umkute anafanya kazi mahali pasipo na maneno. Yeye akaenda kwenye maneno moja kwa moja. Alianza katika maktaba ya gazeti moja, akikata habari za zamani na kuzipanga kwenye majalada, na gazeti lilipofungwa, mhariri wake, mama mmoja mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani zaidi ya ilivyokaa machoni, akamwambia, "Usitafute kazi. Mimi na wewe tunaanzisha podikasti."

Wakaiita Kokwa. Kila siku habari moja tu, nusu saa nzima, inatoka alfajiri ili watu waisikilize wakiwa wanapiga pasi, wanaosha vyombo au wanaelekea kazini. "Redio inawapa ganda," Mhariri alipenda kusema. "Magazeti yanawapa nyama. Sisi tutakula mpaka tufike kwenye kokwa." Walipanga vyumba viwili juu ya duka la magodoro, na kwa kuwa studio inahitaji kuta zisizorudisha mwangwi, waliomba kwa jirani wa chini magodoro yaliyokuwa na kasoro, wakayasimamisha ukutani pande zote. Wageni wakubwa wakubwa walihojiwa humo wakiwa wamezungukwa na maua ya foronya.

Mtangazaji alikuwa jamaa mmoja mrefu aliyeitwa Kinanda, kwa sababu ya sauti yake. Hata akikuuliza chumvi iko wapi, ulihisi umeulizwa jambo zito. Mitambo ilikuwa mikononi mwa binti mwembamba waliyemwita Waya, aliyezungumza kwa vidole zaidi ya mdomo. Na Ngoja alikuwa mtafiti. Asubuhi alizunguka mjini akisikiliza watu, mchana akasoma taarifa ambazo hakuna mwingine aliyekuwa na moyo wa kuzisoma, kisha akaandika maswali. Kinanda aliyachukua, akayasema, na mji mzima ukasifu akili ya Kinanda. Ngoja hakuona vibaya. Alikuwa akisikia maswali yake yakitoka bila kukwama hata mara moja, na hilo kwake lilikuwa burudani, kama mtu asiyejua kuogelea anapotazama samaki.

Ikaja habari ya maji. Upande wa mashariki wa mji, anakoishi Ngoja, mabomba yalikuwa makavu tangu mvua ziishe, wakati tangi kuu la kule mlimani lilionekana kwa macho kuwa limejaa. Barabara zilikuwa zimeshachimbwa, mabomba mapya yakalazwa, mitaro ikafukiwa, nyasi zikaanza kuota juu yake. Watu waliendelea kubeba madumu. Idara ya maji ikiulizwa ilitoa jibu moja: kazi za kiufundi zinaendelea. Mkurugenzi wake alikuwa hapatikani. Simu yake iliita mpaka ikachoka.

Mwishowe alipatikana kwa njia ya ndoa. Alikuwa mume wa dada yake Mhariri.

"Nilimwambia dada, asipokuja studio, mimi siji kwao tena," Mhariri alieleza asubuhi ile, akipangusa miwani. "Anakuja mchana huu. Kinanda atamhoji. Mimi sithubutu. Nikimhoji taratibu mtasema ni shemeji yangu, nikimhoji kwa ukali dada atasema ni mume wake."

Ndipo Kinanda akaingia, shingo imezungushwa skafu kama mtu aliyeumia ajalini. Alifungua mdomo. Kilichotoka ni upepo. Jana yake timu yake ilikuwa imesawazisha dakika ya mwisho, na yeye alikuwa uwanjani. Alichukua kalamu akaandika kwenye bahasha: *Tulistahili kushinda.*

"Sauti itarudi lini?" akauliza Mhariri.

Kinanda akainua mabega.

Mhariri alitazama ile bahasha, akamtazama Waya, ambaye mara moja aliinamia nyaya zake, kisha akamtazama Ngoja. Ngoja aliliona jambo likimjia, kama mtu anayeona mpira ukitoka mbali na kujua utampiga usoni.

"Hapana," alisema. Neno hilo lilitoka bila shida.

"Maswali ni yako. Hakuna mwingine anayeyajua."

"Si-siwezi. Hiyo ha-habari yenyewe ni ya..." Akasimama kwenye ukingo wa ile herufi.

"Ya maji," akamalizia Mhariri. "Najua. Na mgeni ni mkurugenzi, na hoja ni mabomba. Leo m zote zimekuja. Nisikilize, ndugu yangu. Waya atakata kila utakapokwama. Watu hawatajua. Lakini naomba kitu kimoja: usizunguke. Neno likiwa maji, sema maji, hata likichukua muda gani. Ukianza kusema kile kinywaji cha bombani, habari yetu itageuka kitendawili."

Kinanda alimshika Ngoja bega, akamnong'oneza kwa ile hewa iliyobaki kooni, "Mimi siku ya kwanza nilitapika." Huo ulikuwa msaada kwa namna yake.

Mkurugenzi alifika akiwa amependeza, mtu mnene mwenye uso wa ukarimu, akamsalimia shemeji yake, akayasifu magodoro, akaketi. Ngoja aliketi mbele yake. Kwenye kioo kati ya vyumba viwili aliwaona Waya na Mhariri na skafu ya Kinanda. Taa nyekundu ikawaka. Mikono yake ilikuwa baridi, akaiweka chini ya mapaja ili ipate joto.

"Karibu sana," alianza. "Wakazi wa upande wa ma-mashariki wanauliza, kwa nini hawapati m..."

Ikakwama. Midomo ikafungana, ikakataa kuachana. Nje ya studio angesema huduma, angesema kilio chao, angetoroka kwa mlango wa nyuma kama kawaida yake. Alikumbuka aliyoambiwa, akabaki palepale.

Mkurugenzi, aliyekuwa na tabia njema, akamsaidia. "Maji," alisema. "Ndiyo, maji. Ni swali zuri. Niwahakikishie wananchi kwamba kazi za kiufundi zinaendelea."

"Kazi gani?"

"Kuna kusafisha njia. Kuna kupima presha."

"Njia zimesafishwa?"

"Zimesafishwa."

"Presha imepimwa?"

"Imepimwa. Iko vizuri sana."

Swali lililofuata halikuwa limeandikwa popote. Lilikuja lenyewe, kama linavyomjia mtu yeyote mwenye dumu tupu nyumbani: mnasubiri nini? Ngoja akavuta pumzi, akaanza.

"M..."

Kimya. Alimtazama mgeni wake usoni, kwa sababu mama yake alimfundisha kwamba ukikwama usiangalie chini. Midomo imefungwa, macho yametulia, na neno liko nyuma ya meno likisukuma.

Sasa mkurugenzi alikuwa amezoea watangazaji wanaomkatiza. Hakuwahi kukaa na mtu aliyemwachia nafasi yote hii. Akajaribu tena kusaidia. "Mafundi?" alisema. "Mafundi wapo. Hatuna upungufu wa mafundi."

Ngoja akatikisa kichwa, bado kwenye m yake.

"Mitambo? Mitambo ni mipya kabisa, tumeiwasha ikafanya kazi."

Akatikisa tena.

"Mkandarasi. Unataka kusema mkandarasi. Hapana, huyo nisimsingizie, alimaliza na akakabidhi." Jasho jembamba lilikuwa limeanza kutokeza juu ya mdomo wa mkurugenzi. Yule mtu mbele yake hakuonekana kuwa na haraka wala hasira, na ule mdomo bado ulikuwa umefungwa kwenye herufi ileile. Mkurugenzi akashusha sauti. "Mgeni rasmi," alisema. "Nani amekuambia habari za mgeni rasmi?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Nyuma ya kioo Mhariri alivaa miwani yake.

"Mna-mnasubiri nini," akamaliza Ngoja, kwa sababu ndipo neno lilipopata upenyo. Lakini lilikuwa limeshajibiwa.

Mkurugenzi aliegemea kiti, na kiti kikalia. "Haya," alisema. "Maji yakimwagika hayazoleki. Maji yapo, bwana. Yapo kwenye bomba mpaka pale barabarani, yamefika na yamesimama. Yanasubiri utepe. Mgeni rasmi alipangiwa siku ya kuja kuzindua, akaahirisha. Akapangiwa nyingine, akasafiri. Tukiyafungulia kabla hajaja, atakuja kuzindua nini?"

"Kufungua ni kazi kubwa?"

"Ni koki moja. Inazungushwa kwa mikono."

"Na kwako unaishi upande gani?"

Mkurugenzi alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka kujificha. "Mashariki. Kila nikitoka asubuhi mke wangu ananipa dumu, ananiambia, wewe si ndiye mkubwa wa maji, basi usirudi nalo tupu."

Nyuma ya kioo Mhariri aliweka kiganja mdomoni. Dada yake hakuwahi kumgusia kisa hicho.

Wakaendelea mpaka muda ukaisha, na ajabu ni kwamba baada ya hapo mkurugenzi alizungumza vizuri, kwa uwazi, kuhusu bajeti na mabomba yanayovuja na jinsi kila kitu kinavyotaka kuwa na sherehe yake. Ngoja alikwama mara nyingi. Kila alipokwama, yule mzee alingoja, au akaongeza jambo alilokuwa hakukusudia kuliongeza. Taa ilipozimika, mkurugenzi alijifuta uso kwa leso.

"Shemeji," alimwambia Mhariri, "huyu mtu wako umemtoa wapi? Nimehojiwa na wanaofoka nikatoka salama."

"Unataka tufute?"

Alifikiri. "Ukifuta, dada yako atajua nilisema kitu cha kufutwa. Kipindi kinatoka lini?"

"Alfajiri."

"Alfajiri," mkurugenzi akarudia polepole. Akatazama saa yake. "Basi nina jioni nzima." Akaaga, akateremka ngazi kwa kasi ambayo mwili wake haukuitangaza.

Waya akaanza kukata. Ngoja alikaa nyuma yake, akiona sauti yake mwenyewe ikiwa milima na mabonde kwenye kioo cha kompyuta. Penye kigugumizi palikuwa tambarare ndefu. Waya aliondoa tambarare moja, akaondoa nyingine, akaunganisha, na mwisho akawasikilizisha.

Alisikika mtu anayezungumza kama watu wengine. Ngoja alishangaa. Hakuwahi kujisikia hivyo maishani, na kwa muda mfupi alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Kisha ikafika sehemu ya katikati. "Mafundi wapo," alisema mkurugenzi, bila kuulizwa na mtu. "Mitambo ni mipya kabisa. Huyo nisimsingizie. Nani amekuambia habari za mgeni rasmi?" Ilikuwa kama mtu aliyepandwa na homa, anaropoka peke yake chumbani.

Waya alisimamisha. Kinanda akakuna shingo chini ya skafu.

"Hivi ndivyo mji utakavyomsikia," alisema Mhariri. "Watasema amerukwa na akili. Na mimi nina dada."

Hakuna aliyemtazama Ngoja. Wote walielewa uamuzi ni wa nani, na yeye alielewa kwamba hawatamsukuma. Aliwafikiria watu wote waliokuwa na subira ya dakika moja naye, halafu wakamwambia akae. Kesho wangekuwa mji mzima. Angesikika jikoni kwa majirani, kwa kinyozi, kwenye kituo cha basi, akisukuma neno moja kama mtu anayesukuma gari lililozimika huku wengine wanatazama. Lakini mkurugenzi alikuwa amejibu kimya kile. Kimya kikitolewa, majibu yanakuwa ya kichaa, na yule mzee hakuwa kichaa, alikuwa mtu mwenye adabu aliyejaribu kumsaidia mwenzake kupata neno.

"Ru-rudisha," alisema.

"Vyote?" akauliza Waya.

"Vyote. Si ha-haki kumwacha peke yake pale."

Alirudi nyumbani jua likielekea kuzama. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ilikuwa ndiyo karakana: cherehani mbili, meza ya kukatia, wateja wanaokuja kupima na kubaki kupiga soga. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mepesi, na tangu waoane alikuwa na desturi ya kumalizia sentensi za mumewe, kwa upendo kabisa, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango mikono yake ikiwa imejaa vitu.

"Leo nime-nimehoji m..."

"Mama wa watu," akamalizia, akikata uzi kwa meno. "Umemhoji mama gani?"

"M..."

"Mwalimu?"

Kabla hajafika, kitu kilikohoa jikoni. Kikakohoa tena, kikapiga chafya, kisha ikasikika sauti ambayo nyumba ile ilikuwa imeisahau. Mke alikuwa ameliacha bomba wazi tangu sijui lini, kama alivyofanya kila mtu mtaani, kwa kukata tamaa. Maji yalitoka ya rangi ya kutu, yakatoka meupe, yakajaza karai, yakamwagika sakafuni, yakaingia sebuleni na kulowesha kitambaa cha bibi harusi mmoja kilichokuwa kimetandazwa. Mke alikimbilia bomba, mume akakimbilia kitambaa. Nje watu walikuwa wakiitana kutoka dirisha hadi dirisha. Mzee wa nyumba ya pili alitoka na sufuria, akaijaza, akaimwaga, akaijaza tena, bila sababu yoyote.

Habari ya nani amefungua koki ilifika kabla ya giza. Watu walisema wamemwona mtu mnene, amevaa suti, viatu kavivua, anazungusha gurudumu la chuma kando ya barabara.

Asubuhi mkewe aliwasha podikasti kwenye simu, akaiegemeza kwenye kopo la vifungo, kama afanyavyo kila siku. Wateja wawili walikuwa wameshafika. Ngoja alitaka kutoka mapema, asiwepo, lakini viatu vilikuwa chini ya meza ya kukatia na mkewe alikuwa amesimama hapo.

Sauti yake ikatoka. Mkewe aliinua uso. Cherehani ikasimama. Ilipofika kile kimya kirefu, mteja mmoja alinong'ona, "Mafuriko?" na mwingine akasema, "Mkataba." Midomo ya mke ilikuwa ikicheza, ikijaribu neno baada ya neno. Neno lenyewe lilipotoka, hakuwa amelipata.

Aliizima ilipoisha. Wateja walitoka wakijadili mgeni rasmi. Alivuta kiti akakaa mbele ya mumewe.

"Baba watoto, mimi nilisema mabomba," alisema. "Nilikuwa na hakika ni mabomba. Miaka yote hii nakumalizia maneno. Nakosea mara nyingi?"

Ngoja alifikiria kumficha. "Nyi-nyingi kiasi."

"Kama lini?"

Akaangalia pembeni, na kwa uso wake mke akajua kuna jambo. Alingoja. Ilikuwa kazi ngumu kwake, alishika tepu ya kupimia akaizungusha kidoleni, lakini alingoja.

"Siku ulipo-ulipokubali," alisema Ngoja.

Siku hiyo, kabla hawajawa chochote, alikuwa amempelekea suruali kupunguza. Mvua ikashuka akiwa bado dukani. Alisema, "Naomba uni... uni..." kwa sababu aliiona m ikimsubiri mbele kwenye sentensi, akakwama kabla hata hajaifikia. Yule binti fundi akaweka mkasi chini, akasema, "Nikukubalie? Nilidhani hutasema kamwe. Nimekubali." Ngoja alitoka pale amelowa mpaka mifupani, akiwa na mchumba.

"Ulitaka kusema nini?" aliuliza mkewe sasa.

"Uniazime mwa..., mwa..." Alingojewa mpaka akafika. "Mwavuli."

 Mkewe alicheka mpaka akashika meza, akacheka mpaka machozi yakadondokea kitambaa ambacho ndiyo kwanza kilikuwa kimekauka. "Na hukuniambia."

"Ningesema nini? Nilikuwa nimesha-shapata zaidi ya nilichoomba."

Kazini, ujumbe ulikuwa umefurika. Mmoja alisema kumsikiliza mtu yule ni mateso na Kokwa imwombe radhi. Mwingine aliandika kwamba aliiongeza kasi simu yake maradufu na bado akafika ofisini neno halijatoka. Mwanamke mmoja, msomaji wa mita wa idara hiyohiyo ya maji, alituma mstari mmoja: kimya kingi kina mshindo mkuu. Na wengi, wengi kuliko walivyowahi kupata, waliuliza yule bwana atasikika tena lini.

Kinanda alipata sauti yake baada ya siku kadhaa, na hakuwa mtu wa choyo. "Mimi nitachukua siku zangu, yeye achukue zake," alimwambia Mhariri. Aliijaribu hata ile mbinu. Alimuuliza daktari mmoja swali, akanyamaza, akamtazama usoni. Daktari naye akamtazama. Kinanda hakuvumilia, alijibu swali lake mwenyewe, vizuri na kwa kirefu, na daktari akakubaliana naye.

Mgeni rasmi alikuja pia, baadaye, na utepe ukakatwa mbele ya bomba lililokuwa likitiririka kwa wiki kadhaa. Alitoa hotuba, akayakaribisha maji. Mkurugenzi alikuwa amepewa onyo la mdomo kwa kutanguliza jambo, na alikaa safu ya mbele akipiga makofi kwa utulivu wa mtu aliyeoga.

Kigugumizi cha Ngoja hakikupona. Siku nyingine kilikuwa chepesi, siku nyingine kizito, na mara moja alikwama kwenye jina la kipindi chenyewe, ingawa k haikuwahi kumsumbua. Lakini aliacha kuzunguka. Nyumbani alianza kusema mkate, na mama yake alipokuja kuwatembelea, akajaribu kumwita mama. Mama alimsikiliza mpaka neno likatoka lote, halafu akasema, "Nilishazoea lile refu," akageuka kutafuta leso.

Wakubwa wa mji nao wakajifunza. Kabla ya kwenda Kokwa, washauri wao waliwaonya: ukimwona amenyamaza, na wewe nyamaza, usijaze pengo lake. Mwishoni mwa mwaka alikuja mwanamama mmoja mkuu wa usafirishaji, kuzungumzia mabasi mapya yaliyokuwa yameegeshwa uwanjani huku abiria wakisimama juani. Alikuwa ameandaliwa vizuri. Ngoja alipoanza, "M...", yule mama alikunja mikono, akafunga mdomo wake pia, akatulia.

Wakakaa. Nyuma ya kioo Waya alitazama mstari wa sauti ukiwa umelala chali kama nyoka aliyekufa. Mhariri akaangalia saa, akaiacha. Kutoka chini ilisikika mtu akibishania bei ya godoro. Mkuu wa usafirishaji alimtazama Ngoja, Ngoja alimtazama mkuu wa usafirishaji, na maua ya foronya yakawatazama wote wawili. Kisha mdomo wa yule mama ukaanza kutetemeka pembeni. Alijizuia. Ukatetemeka tena. Akaangua kicheko, kicheko kikubwa cha tumboni, akapiga meza kwa kiganja, na Ngoja naye akacheka, na humo ndani ya kicheko neno likamtoka bila hata kulisukuma.

"Mabasi," alisema.

"Ah, mabasi," alisema yule mama akijifuta macho. "Basi nisikilize, baba, nikueleze ukweli wake tangu mwanzo." Waya, nyuma ya kioo, akanyoosha kidole gumba juu.